Maua: Mji Uliokusanywa na Miraa

Jua likishapinduka mjini Maua, Kenya, hakuna anayetembea polepole. Vijana waliotoka shambani alfajiri wameketi wakipanga vijiti vibichi vya miraa, wakivifunga kwa kamba za mgomba. Kila kifungu ni surba. Surba kumi ni bunda, nalo hufunikwa majani ya mgomba ili lisinyauke. Bei hutajwa kwa Kimeru, hujibiwa kwa Kiswahili, kisha Nairobi hupigiwa simu kwa Kisomali.

Waigembe na Watigania, Wameru wa milima ya Nyambene, walitafuna miraa kabla Mzungu hajafika. Miti mikongwe bado huitwa mbaine, jina la rika la kale, na kifungu cha miraa kilitangulia ukweni kijana alipoposa.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wasomali waliowahi kuwa askari wa Waingereza walipewa makazi Isiolo, mlangoni mwa kaskazini. Jirani akawa mteja wa miraa, mteja akawa mchuuzi. Wamethodisti nao walikuwa wamefungua hospitali Maua mwaka 1928, na kituo kidogo cha mlimani kikaanza kupata wageni wa kila namna.

Kilichowaharakisha wote ni jani lenyewe. Miraa ikimaliza siku mbili hivi hupoteza nguvu, kwa hiyo mkulima, dereva na muuzaji wa mbali lazima waaminiane bila kupoteza saa.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wasomali wengi walihamia Eastleigh, Nairobi, na wengine wakavuka hadi London. Soko likawafuata. Hilux zilizosheheni zikashuka mbio kutoka Nyambene hadi Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, na ndege zikapeleka mzigo Mogadishu.

Ujirani huo haukukosa mikwaruzo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wameru walilalamika kwamba Wasomali wameshika soko la ng'ambo, na ugomvi ukafika mitaani Maua.

Kisha milango ikafungwa kutoka nje: Uholanzi mwaka 2013, Uingereza Juni 2014, na Machi 2020 Somalia ikazuia ndege za miraa. Mashambani, vijiti vilikomaa bila mnunuzi. Julai 2022 Mogadishu ikafungua tena, na Hilux zikarudi kwenye foleni yao, injini zikinguruma huku bunda la mwisho likifungwa.