Mkono kwa Mkono: Jina la Programu Isiyo na Mtu Kati

Wapangaji wawili wa nyumba moja pale Chanika, Dar es Salaam, milango yao imetazamana uani, wakitumiana ujumbe wa WhatsApp, ujumbe huo haukatizi uani. Unapanda mnara, unapita kwenye nyaya za chini ya bahari hadi kwenye seva za ng'ambo, halafu ndipo unarudi mlango wa pili. Siku za kawaida nani atajali? Lakini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimika Tanzania nzima, na ujumbe wa namna hiyo ukakwama hata kwa simu mbili zilizojaa chaji, zimewekwa juu ya meza moja.

Ipo aina ya programu isiyohitaji safari hiyo. Briar, kwa mfano, hupeleka ujumbe kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth au Wi-Fi, na intaneti ikiwapo hupitia mtandao wa Tor unaoficha nani anazungumza na nani. Kiingereza huuita mpango huu "peer-to-peer". Kwa Kiswahili tuuiteje?

Wafasiri wengi hukimbilia "rika kwa rika". Naelewa lilikotoka: miradi ya Ukimwi ilituzoesha "waelimishaji rika", na neno likahamia kwenye kompyuta bila kuulizwa pasipoti. Lakini rika ni watu wa umri mmoja, waliokua pamoja, pengine hata waliingia jando pamoja. "Peer" ilitoka kwenye Kilatini "par", yaani sawa. Inayosemwa ni hadhi, wala si umri. Simu ya bibi na ya mjukuu wake, ndani ya programu hii, zina hadhi moja: hakuna bwana wala mtumwa, kila moja inatoa na kupokea. Kuziita rika ni kumvunjia bibi heshima bure.

"Mtu kwa mtu" nalo halitoshi. Simu ya kawaida ni mtu kwa mtu, na bado kampuni imekaa katikati.

Mimi nachagua "mkono kwa mkono". Waliosoma fikihi ya riba wanalijua: dhahabu kwa dhahabu hubadilishwa papo hapo, wote wawili wapo, hakuna anayesubirishwa. Mafundi ujenzi nao wanalijua kwa namna yao, wakipanga mstari na kurushiana tofali kutoka kwenye rundo hadi juu ya jukwaa. Maana zote mbili tunazihitaji. Ya kwanza inaeleza simu mbili zinazokutana moja kwa moja. Ya pili inaeleza wavu wa simu nyingi, ambapo ujumbe hupokezwa na simu za katikati mpaka umfikie mwenyewe, kwa kuwa Bluetooth ya simu ya kawaida huishia kama mita 10 hivi. Kasoro yake ni kwamba linanukia ukaribu, ilhali mwenzako anaweza kuwa Muscat. Nimeikubali kasoro hiyo.

Hapa kuna maneno mawili tunayoyachanganya: siri na faragha. Siri ni lile lililosemwa. Faragha, ambayo katika Kiarabu asili yake ni utupu, ni ile nafasi isiyo na mtu mwingine. Usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, ambao WhatsApp iliueneza kwa watumiaji wake wote mwaka 2016, hulinda siri: seva haisomi maneno yako. Faragha ni habari nyingine. Seva bado inaweza kujua ulimwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi, na mwanasheria au mke atakwambia kwamba hayo mara nyingine yanatosha. Mpango wa mkono kwa mkono unamwondoa huyo aliyekaa katikati. Ila nao una bei yake: simu mbili zikiunganishwa moja kwa moja kwenye intaneti, kila moja huiona anwani ya mtandao ya mwenzake. Ndiyo maana Briar hujificha nyuma ya Tor.

Anayeunda programu ya namna hii atagundua mapema kwamba mtu kati haondoki kirahisi. Kampuni za simu mara nyingi huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, kama nyumba yetu ya Chanika: wapangaji kumi, geti moja, na mgeni asiyejua mlango atabaki barabarani. Hivyo simu mbili zilizo mbalimbali huhitaji seva ndogo ya kuzitambulisha, kisha ijiondoe. Wahandisi wana majina mengi ya seva hiyo. Kiswahili kina moja tu, mshenga. Na kama ilivyo kwa washenga wa kweli, wapo wasiojua wakati wa kuondoka: miunganiko mingine hushindikana kabisa mpaka ujumbe upitie kwake.

Kinachobaki ni maneno ya kuandika kwenye kioo cha simu. Mwenzako amezima simu au umeme umekatika kwao, na hakuna seva ya kukuhifadhia ujumbe. Programu zilizofasiriwa haraka huandika "Umetumwa", kwa mazoea tu. Haujatumwa popote. Ningeandika: "Bado uko mkononi mwako."