Mbunge wako anapigaje kura kwenye sheria za ardhi na mazingira?

Mkulima wa bustani ufukweni mwa ziwa Musoma, mfugaji wa Butiama na mkazi wa Nyatwali kule Bunda wanaguswa na sheria zilezile zilizopitishwa bungeni Dodoma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaeleza nani ana mamlaka juu ya ardhi ya kijiji. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 iliongeza ukali kwa wanaolima na kuchunga kwenye mapori tengefu.

Ndiyo maana wasikilizaji huuliza: sheria hizi zilipopitishwa, mbunge wetu alisema ndiyo au siyo? Jibu linawashangaza wengi. Kwa kawaida hakuna orodha ya majina inayoonyesha.

Kura hupigwa kwa sauti

Mjadala wa muswada unapofika mwisho, Spika huwahoji wabunge. Wanaokubali husema "Ndiyo", wasiokubali husema "Siyo". Spika husikiliza upande upi una sauti kubwa, kisha hutangaza walioshinda. Kama matokeo yanabishaniwa, zipo taratibu za kuhesabu kura, lakini hazitumiki mara nyingi.

Ukifungua Taarifa Rasmi za Bunge, maarufu kama Hansard, utakuta maneno haya: "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa." Hapo hutaona jina la mbunge wa Bunda wala wa Musoma. Aliyesema "Siyo" kwa sauti ndogo na aliyekuwa nje akinywa chai wote hawaonekani.

Kura ambayo wananchi wengi wameiona kwenye televisheni, ya kuita majina mmoja mmoja, ni ile ya kupitisha bajeti kuu mwezi Juni. Hiyo ina uzito wake, kwa sababu Katiba inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti.

Wangapi wanatosha?

Katiba, ibara ya 94, inataka nusu ya wabunge wote wawepo ili uamuzi ufanyike. Muswada wa kawaida hupita kwa wingi wa kura za waliopo na kupiga kura. Baada ya hapo unakwenda kwa Rais, na hauwi sheria hadi autie saini.

Kitu kingine cha kukumbuka ni chama. Mbunge akifukuzwa au akihama chama chake, anapoteza kiti. Kwa hiyo mbunge anayefikiria kupinga muswada wa Serikali ya chama chake anapima mambo mawili: wapiga kura wake nyumbani na chama kilichompa nafasi ya kugombea. Wengi humaliza upinzani wao kwenye vikao vya ndani vya chama au kwenye kamati. Hoja ikifika ukumbini kwa kura, kwa kawaida mambo yameshaamuliwa.

Mlango wa mwananchi uko wapi?

Uko mapema, kabla ya kura. Muswada wa Serikali unatakiwa kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali kabla ya kusomwa bungeni mara ya kwanza, isipokuwa ukiletwa kwa hati ya dharura. Ukishasomwa mara ya kwanza, unapelekwa kwenye kamati ya kudumu ya Bunge inayohusika na sekta hiyo.

Kamati hualika wadau kutoa maoni, kwa maandishi au kwa kufika. Kifungu kinaweza kubadilishwa hapo bila kelele nyingi. Muswada ukirudi ukumbini, mbunge yeyote anaweza kuandika jedwali la marekebisho. Kifungu kimoja baada ya kingine hupitiwa kwenye Kamati ya Bunge Zima, kisha muswada husomwa mara ya tatu.

Jedwali la marekebisho lina faida moja kubwa kwetu: lina jina la mbunge. Sauti ya "Ndiyo" haina jina, lakini marekebisho na mchango wa mjadala vinalo.

Si kila uamuzi wa ardhi ni muswada

Uamuzi wa kuwahamisha wakazi wa Kata ya Nyatwali, Bunda, ili wanyama wa Serengeti wapate njia ya kufika Ziwa Victoria, ulitoka serikalini. Haukuanza na muswada ambao wabunge wangeukataa kwa kusema "Siyo".

Bunge huingia kwa njia nyingine. Kwanza ni azimio. Sheria ya Hifadhi za Taifa inataka Rais apate ridhaa ya Bunge kabla ya kutangaza eneo kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka 2019, kwa mfano, Bunge liliridhia mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi kupandishwa hadhi, na leo tunayaita Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Azimio nalo huamuliwa kwa sauti.

Pili ni fedha. Sheria ya Ardhi inasema anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Fidia inayolipwa na Serikali hutoka kwenye bajeti. Wizara ya Ardhi na Wizara ya Maliasili na Utalii hupeleka makadirio yao kwenye Bunge la Bajeti, linaloanza Aprili hadi mwisho wa Juni. Hapo ndipo mbunge anaweza "kushika shilingi", yaani kuzuia mshahara wa Waziri mpaka apewe maelezo ya kuridhisha. Asiporidhika, anaweza kuomba hoja yake ijadiliwe na wenzake. Wengi huishia kuirudisha shilingi, lakini ahadi ya Waziri inabaki imeandikwa kwenye Hansard, na unaweza kuidai mwaka unaofuata.

Tatu ni kijijini kwako. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, eneo la kijiji lisilozidi hekta 250 likitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya hifadhi au ya jumla, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na Waziri huamua. Kura yako kwenye mkutano huo inahesabika moja kwa moja kuliko kura yoyote ya Dodoma.

Jinsi ya kumfuatilia mbunge wako

Wilaya za Musoma, Bunda na Butiama zina majimbo sita: Musoma Mjini, Musoma Vijijini, Butiama, Bunda Mjini, Bunda na Mwibara. Wapo pia wabunge wa viti maalum kutoka mkoa wetu. Kwa simu yenye intaneti, fungua tovuti ya Bunge utafute miswada na Hansard. Faili huwa kubwa, hivyo mmoja apakue na kuwasomea wenzake.

Mbunge akija kwenye mkutano wa hadhara, usimuulize tu kama anatetea wananchi. Kila mbunge atasema ndiyo. Muulize haya:

1. Muswada huu ulipokuwa kwenye kamati, ulipeleka maoni gani kutoka kwetu?
2. Uliandika marekebisho kwenye kifungu kipi?
3. Waziri alikuahidi nini bungeni, na siku gani?

Siku hiyo itaje, kisha ifungue kwenye Hansard uisome mwenyewe.