Nyonga Bandia, Fangasi na Siasa ya Kidonge

Novemba 1962, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, John Charnley alianza kupandikiza nyonga bandia ya chuma na plastiki ngumu. Hofu yake kuu ilikuwa maambukizi, naye akajenga chumba cha upasuaji chenye hewa iliyochujwa. Bakteria walipungua sana. Fangasi, hasa kandida, hawahitaji kuletwa na vumbi. Wanaishi tayari kwenye ngozi na utumbo wa mgonjwa mwenyewe.

Maambukizi haya ni takriban asilimia 1 tu ya maambukizi yote ya viungo bandia, na uchache huo huwaponza wagonjwa: wengi hutibiwa kwanza kana kwamba ni bakteria. Wakati huo fangasi hujijengea utando juu ya chuma ambao dawa huupenya kwa shida. Ndiyo maana tiba iliyozoeleka ni ya hatua mbili. Kiungo hutolewa, pengo hujazwa kwa muda kwa saruji ya mifupa iliyotiwa dawa, kisha mgonjwa hutumia dawa ya fangasi, mara nyingi flukonazoli, kwa wiki zisizopungua 6, pengine miezi, kabla ya kupandikizwa kiungo kipya.

Miezi hiyo ina historia ya kisiasa. Mwaka 1950 Elizabeth Hazen na Rachel Brown, watumishi wa idara ya afya ya jimbo la New York, walitangaza nistatini, na mrabaha wake wakauelekeza kwenye utafiti wa sayansi. (Haifyonzwi tumboni, hivyo haifiki kwenye goti.) Flukonazoli ilitoka katika maabara za Pfizer, ikalindwa kwa hataza. Mwaka 2000 Zackie Achmat wa Treatment Action Campaign aliingiza Afrika Kusini flukonazoli ya bei nafuu kutoka Thailand, akiikaidi hataza hiyo waziwazi. Mwaka huohuo Pfizer ilikubali kuitoa bure kwa hospitali za umma.

Achmat aliwapigania wagonjwa wa UKIMWI, si wenye nyonga bandia. Leo hataza imekwisha na kidonge ni rahisi. Gharama imehamia kwenye upasuaji wa pili, kipimo cha maabara kinachotambua fangasi mapema, na kitanda cha mgonjwa asiyeweza kutembea akisubiri kiungo kipya. Wanaopanga bajeti za upandikizaji katika hospitali zetu wahesabu na hayo, pamoja na bei ya chuma.