Kiboko kilitulea? Hebu tusome historia kwanza

Ukikaa na wazee huku Werugha jioni, ukungu ukishuka, lazima stori ifike shuleni. "Sisi tulichapwa ndio tukawa watu. Nyinyi mliondolewa kiboko mkaharibika." Nimeisikia sana mpaka nikaamua kusoma mambo yenyewe. Na manze, haiko vile tunaambiwa.

Hata enzi za kiboko, mwalimu hakuruhusiwa kuchapa ovyo. Kanuni za nidhamu za 1972 zilitaka mwalimu mkuu afanye uchunguzi kamili kwanza, achape mbele ya shahidi lakini si mbele ya wanafunzi wengine, viboko visizidi 6, kisha iandikwe kwenye rekodi. Muulize mzazi wako kama aliwahi kuiona hiyo rekodi. Wengi wanakumbuka kiranja na karatasi ya wapiga kelele, mwalimu anaingia na hasira zake (pengine za nyumbani kwake), darasa zima linapanga mstari.

Kiboko kilifutwa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaharamisha adhabu ya kupiga na hata ya kumtesa mtoto kiakili. Lakini 2021, mabweni yalipochomwa, Waziri wa Elimu George Magoha alitaka kirudi. Sawa. Sasa tukumbuke St. Kizito, Meru, 1991: wavulana walivamia bweni la wasichana, 19 wakafa. Bombolulu, hapa hapa Pwani, 1998: moto bwenini uliua wasichana zaidi ya 20. Miaka hiyo kiboko kilikuwa halali kabisa. Nidhamu yake ilikuwa wapi?

Kinachoniuma ni kwamba sisi Wataita tulikuwa na wazo zito zaidi kuhusu haya. Dini ya mababu iliamini kwamba hasira anayoificha mkubwa moyoni inaweza kumletea mtu ugonjwa na balaa. Ndiyo maana kulikuwa na kutasa: unachukua maji au pombe mdomoni, unainyunyiza ukitamka maneno ya heri, hasira itoke. Yaani aliyechunguzwa moyo kwanza ni mwenye mamlaka. Sisemi walimu wateme maji pale ofisini, jameni. Nasema mtu atulie kabla hajamgeukia mtoto, kitu ambacho hata kanuni za 1972 zilijaribu kulazimisha.

Na najua kazi yao ni ngumu. Darasa limejaa, huku nyuma watu wamefunika vichwa na sweta wanapiga domo, nawe uko na silabasi ya kumaliza.

Juzi nikamuuliza mzee mmoja, kati ya walimu wake wote, angependa kumsalimia nani leo. Akataja wa hesabu, aliyekuwa akimwita kando baada ya kipindi kumuuliza nyumbani kuko aje.

"Huyo hakukuchapa?"

Akacheka. "Huyo? Mara moja tu. Na alinieleza kwa nini."