Kutoka Mivukuto ya Kinanda Hadi Silinda za Mafuta

Katika toleo hili tumechagua historia ya mashine ambayo abiria wengi hawaifahamu, ingawa wanaosafiri kwenda nyumbani, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, huitegemea. Ni simuleta, mashine ya kumfunzia rubani akiwa ardhini. Swali letu ni moja: kwa nini iliacha kusukumwa kwa hewa ikaanza kusukumwa kwa mafuta?

Edwin Link alifanya kazi Binghamton, jimbo la New York, katika kiwanda cha familia yake cha piano na vinanda. Masomo ya urubani yalikuwa ghali. Kufikia mwaka 1929 alikuwa ameunda kijindege kilichokaa juu ya mivukuto ya aina iliyotumika katika vinanda. Mwanafunzi akisogeza usukani, vali zilibadilisha hewa, mvukuto mmoja ukavimba na mwingine ukasinyaa, na kijindege kikainama.

Kwanza watu walikiona kama mchezo wa viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege. Marubani wengi hawakuzoea kuruka usiku au katika ukungu kwa kutazama vyombo tu, na ndani ya miezi michache zaidi ya kumi walikufa. Jeshi likanunua mashine sita za Link. Katika Vita vya Pili vya Dunia zilitengenezwa kwa maelfu.

Kwa kazi hiyo hewa ilitosha, kwa sababu kijindege kilikuwa chepesi na somo lilikuwa kuamini vyombo. Lakini hewa hubanika. Ukiziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole na kusukuma mpini, unaingia, kisha unarudi. Bomba la sindano lililojaa maji, ukiziba ncha yake, halisogei. Baada ya vita zikaja ndege za jeti, na chumba cha marubani cha kuigiza kikawa kizito. Silinda ya hewa ingechelewa kuanza, halafu ingepitiliza. Rubani angeona jambo moja kwenye vyombo na mwili wake ungehisi jingine.

Hata hivyo, mafuta peke yake hayakuwa jibu. Nguvu ya kimiminika ilijulikana tangu Joseph Bramah alipopata hataza ya shinikizo lake Uingereza mwaka 1795. Kilichokosekana ni usahihi. Usahihi huo uliletwa na vali za sevo, ambazo William Moog alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake mwanzoni mwa miaka ya 1950, katika jimbo lile lile la New York. Mkondo mdogo wa umeme husogeza vali, mafuta yakaingia upande mmoja wa pistoni, na kitambuzi kikapima imefika wapi. Tofauti kati ya mahali ilipo na mahali inapotakiwa ndiyo inayoamuru hatua ifuatayo.

Mwaka 1965 D. Stewart alichapisha Uingereza makala kuhusu jukwaa la simuleta linaloweza kusogea pande tatu na kuzunguka kwa namna tatu. Mpangilio wa silinda sita Eric Gough alikuwa ameshautumia kupimia matairi. Ndio uliokuja kuenea katika simuleta kubwa.

Leo simuleta nyingi mpya hutumia mota za umeme, kwani mafuta huvuja na pampu zake hula nishati nyingi. Sisi tunahitimisha kwamba hewa haikushindwa kazi yake. Kazi yenyewe ndiyo iliyobadilika. Silinda zimebadilishwa mara mbili, lakini ile kanuni ya kupima, kulinganisha na kusahihisha imebaki.