Matengenezo au Mfarakano? Hoja ya Wakatoliki na Wakalvini katika Afrika ya Mashariki

Mtafiti aendaye tarafa ya Sale, katika wilaya ya Ngorongoro, akakaa na Wabatemi, ambao vitabu vingi vimezoea kuwaita Wasonjo, atakuta huko Walutheri na Wakatoliki. Katika mazungumzo ya kila siku hao wa kwanza huitwa Waprotestanti, kana kwamba Uprotestanti ni kitu kimoja. Lakini jina hilo lafunika tofauti kubwa. Ulutheri wa kaskazini ya Tanzania watokana na misioni ya Leipzig ya Ujerumani, iliyoanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893. Asili yake ni Luther, si Calvin. Ugomvi wa Roma na Geneva, juu ya historia ya Kanisa na juu ya ukali wa sheria zake, uliingia Afrika ya Mashariki kwa mlango mwingine, nao ni Waskoti. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba ugomvi huo, ulipofika kwetu, haukubaki vile ulivyokuwa Ulaya. Wenyeji waliousikia waliupima kwa swali lao wenyewe: ni nani mwenye mamlaka juu yetu?

Kwanza yafaa tuliangalie neno lenyewe. Waprotestanti wasemao Kiswahili huyaita mambo ya karne ya 16 Matengenezo ya Kanisa. Kisichoharibika hakitengenezwi, basi atumiaye neno hilo amekwisha kutoa hukumu kabla hajaleta ushahidi. Mkatoliki aweza kujibu kwamba kilichotokea ni mfarakano, na kwamba marekebisho ya kweli yalifanywa ndani ya Kanisa katika Mtaguso wa Trento, kati ya 1545 na 1563. Naye hali kadhalika amehukumu. Mwandishi wa historia hana budi kukumbuka kwamba katika jambo hili hata jina la sura ya kitabu lina upande wake.

John Calvin alizaliwa Ufaransa mwaka 1509, akafa Geneva mwaka 1564. Katika mji ule aliweka baraza la wachungaji na wazee lililosimamia mwenendo wa waumini: ndoa zao, michezo yao, hata maneno yao. Mafundisho yake yalikita mizizi Uskoti, ambako Bunge liliyakataa mamlaka ya Papa mwaka 1560. Mwaka 1638 Waskoti wengi walitia sahihi zao katika Agano la taifa la kuilinda dini yao wasiingiliwe na mfalme. Desturi hizi mbili, wazee kuchunguza mwenendo na watu kutia sahihi kwa ajili ya dini, tutazikuta tena mbele.

Alexander Mackay alikuwa mtoto wa desturi hiyo. Alizaliwa Rhynie mwaka 1849, baba yake akiwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa mitambo, akatumwa na chama cha Kianglikana, CMS, akafika Buganda mwishoni mwa 1878. Miezi michache baadaye, Februari 1879, akaja Padre Siméon Lourdel wa Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, mwaka 1868. Waganda walimwita Mapeera, kwa kuigiza maneno ya Kifaransa ya kumwita padre.

Mwezi wa Juni 1879 watu hawa wawili walikutana katika baraza la Kabaka Mutesa siku ya Jumapili. Ibada ya Kiprotestanti ilipofanywa, Lourdel hakupiga magoti. Kabaka akauliza sababu, naye akajibu kwamba hawezi kushiriki dini isiyo ya kweli. Kutoka hapo mjadala ukawaka. Kwa maelezo ya Mackay mwenyewe, yeye alishika hoja kwamba Neno la Mungu peke yake ndilo lenye amri, si Papa. Lourdel alishika kwamba ukweli ni mmoja na Kanisa ni moja. Kabaka akabaki kushangaa kwamba kila taifa la Wazungu lina dini yake, asijue ipi ni ya haki.

Kwa wasomaji wa jarida kama hili, jambo la kutazamwa sana ni lugha. Mackay alisema Kiswahili. Lourdel, ambaye alikuwa mgeni bado, alichanganya Kiswahili kidogo na lugha nyingine. Kiswahili kilikuwa kimetangulia barazani pamoja na Waislamu wa pwani, na tena pamoja na Dallington Maftaa, kijana wa misioni ya UMCA ambaye Stanley alimwacha kwa Mutesa mwaka 1875 ili amsomee Maandiko. Maneno kama dini na sanamu yalikuwa yamekwisha kujaa maana ya Kiislamu, na yeyote aliyetajwa pamoja na sanamu aliingia barazani akiwa na doa. Zaidi ya hayo, kitenzi kuomba chatumika kwa Mungu na kwa binadamu pia. Mprotestanti akisema kwamba Wakatoliki wamwomba Mariamu, msikiaji aweza kudhani kwamba wamemfanya Mungu. Kiswahili cha Kikatoliki hujilinda kwa kiambishi kidogo tu: mtakatifu huambiwa utuombee. Hoja iliyojaza vitabu vizima vya Kilatini imewekwa ndani ya tofauti ya kuomba na kuombea.

Mutesa hakuwa mjinga wa mambo haya. Alikuwa amefunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, naye aliwaogopa Wamisri waliokuwa wakisogea kutoka kaskazini. Alitaka kujua ni Wazungu gani watakaomfaa. Historia ya Luther na ya Calvin haikumgusa ila kwa upande huo. Ndiyo sababu vyama viwili vilivyozaliwa hapo havikuitwa kwa majina ya mafundisho. Viliitwa Wafransa na Waingereza, ingawa wengi wa watu wake walikuwa Waganda. Tarehe 24 Januari 1892 vyama hivyo vilipigana Mengo. Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza aliwasaidia Waprotestanti kwa silaha, na Wakatoliki wengi wakakimbilia Buddu. Lakini yafaa tukumbuke pia Namugongo, tarehe 3 Juni 1886, ambapo Wakatoliki na Waanglikana walichomwa moto pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza mashahidi 22 wa Kikatoliki kuwa watakatifu, Oktoba 1964, aliwataja kwa heshima na wale wa Kianglikana.

Sasa tuje kwenye ukali. Wengi hufikiri kwamba Mkalvini ni mkali na Mkatoliki ni mlegevu. Mambo ya Buganda hayakubali maneno hayo mepesi. Lavigerie aliwaamuru Mapadre Weupe kwamba atakaye ubatizo afundishwe miaka minne, nao mkatekumeni aliyetaka kufanya haraka walimzuia. Kwa Waprotestanti kipimo kikubwa kilikuwa kusoma, hata Wakristo wa kwanza wakaitwa wasomaji. Pande zote mbili zilikuwa na ukali: huku ukali wa muda, kule ukali wa kitabu.

Ukali wa Kiskoti hasa ulionekana nusu karne baadaye, Kenya. Mwaka 1929 misioni ya Kanisa la Uskoti huko Kikuyu na Tumutumu, pamoja na misioni nyingine za Kiprotestanti, iliwadai waumini waape kuacha ukeketaji wa wasichana na kujitenga na chama cha siasa cha Wakikuyu, KCA. Kiapo hicho kilithibitishwa kwa alama ya kidole gumba, kikapata jina la kirore. Misioni za Kikatoliki hazikudai kiapo kama hicho. Wengi waliacha makanisa na shule za misioni, na katika miaka iliyofuata zikatokea shule za kujitegemea na makanisa yasiyokuwa chini ya Wazungu.

Hatusemi kwamba desturi ile ilistahili kutetewa. Madhara yake yajulikana, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeipiga marufuku. Twasema juu ya njia iliyotumika. Mskoti aliyekumbuka Agano la 1638 aliweza kuona katika alama ya kidole ushujaa wa dhamiri. Mkikuyu aliyenyang'anywa ardhi aliona mgeni mwingine akidai tena alama ya kidole chake, na mara hii juu ya nyumba na watoto wake. Tendo ni moja, na kila upande ulilisoma kwa historia yake. Hivyo jambo lililohusu mwili wa msichana likageuzwa kuwa jambo la utii, na msichana mwenyewe hakuulizwa na upande wo wote.

Tukirudi Sale, mafundisho ya habari hizi yapo wazi. Robert Gray, katika kitabu chake juu ya Wasonjo kilichotolewa mwaka 1963, aliandika masimulizi yao juu ya Khambageu, ambaye husemwa kwamba alikufa na kufufuka. Watu hawa hawakuwa ukurasa mtupu wa kuandikiwa na Luther wala na Papa. Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa shirika la Roho Mtakatifu, aliyefanya kazi Loliondo tangu miaka ya 1960, aliona kwamba shule na hospitali za misioni hazikuwa zimewafanya Wamasai watu wazima kuwa Wakristo, akaomba ruhusa aende akazungumze nao juu ya Mungu tu. Kwa maneno mengine, alikubali kuanzia kwenye swali la msikiaji.

Basi mtafiti aendaye huko asianze kwa kuuliza watu ni wa Matengenezo au ni wa Roma. Na asikie kwanza ni maneno gani wayatumiayo wao wenyewe, na maneno hayo waliyapokea kwa nani, na kwa gharama gani. Mutesa aliuliza, akajibiwa historia ya Ulaya. Gharama ya jibu hilo ililipwa Mengo miaka kumi na mitatu baadaye.