Mji Ulipigwa Picha, Shamba Likaachwa

Anayetaka kuiona Bagamoyo ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 hahangaiki sana. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1897, lina picha nyingi. Ngome Kongwe ipo, ufuo na majahazi yake upo, wapagazi na pembe za ndovu wapo, na misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, ipo na msalaba wake. Lakini anayetaka kuiona Lugoba ya miaka hiyohiyo, na mashamba ya Wakwere yaliyoizunguka, atafungua makasha mengi kabla ya kupata kitu cha kumtosheleza. Ni rahisi kusema kwamba sababu ni umbali: Bagamoyo ilikuwa bandari na kwa muda makao makuu ya koloni la Wajerumani hadi mwaka 1891, na Lugoba iko bara. Nadhani jibu hilo halitoshi. Pengo hili lilitokana zaidi na aliyekuwa akiagiza picha na kuzilipia. Na kama ni hivyo, basi mpiga picha wa ridhaa, yule anayepiga mjini na shamba kwa sababu anapenda tu, ana nafasi katika historia ya eneo hili ambayo bado hatujampa.

Tuanze na vifaa, maana ndivyo vinavyotajwa kwanza kama udhuru. Mwaka 1860 James Augustus Grant, mwenzake Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha Unguja. Kamera yake haikudumu naye safarini. Huko bara alitegemea penseli na rangi za maji. Hakuna wa kumlaumu. Picha ya enzi hiyo ilihitaji kioo kipakwe kolodioni, kichovywe kwenye dawa ya fedha, kipigwe kikiwa bado kibichi na kisafishwe palepale ndani ya hema la giza. Kwa joto la pwani dawa ilikauka upesi, na vioo na chupa vilikuwa mzigo mzito kichwani mwa mpagazi. Lakini udhuru huu una mwisho wake. Miaka ya 1880 vioo vikavu vilikuwa vimeshaenea, mwaka 1888 Kodak walitoa kamera ya mkanda wenye nafasi ya picha 100, na mwaka 1900 wakatoa Brownie kwa bei ya dola moja. Tangu hapo mtu mmoja angeweza kutoka Bagamoyo na kamera begani, akatembea siku chache na kufika Lugoba. Njia za misafara zilipita katika nchi ya Wakwere, na Wakwere ndio waliowauzia wasafiri chakula. Nchi hiyo haikuwa imefichika kwa yeyote.

Kilichokosekana ni mnunuzi. A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa aliyekuwa na studio Unguja, na Carl Vincenti aliyefungua yake Dar es Salaam, walikuwa mafundi hodari, na kazi zao ni hazina. Ila waliishi kwa kuuza. Wateja wao walikuwa abiria wa meli, maofisa na wafanyabiashara waliotaka kadi ya posta ya kutuma kwao, na mteja wa kadi hutaka kitu kinachotambulika: jengo, bandari, barabara iliyonyooka yenye minazi. Shamba liliingia kwenye kadi kwa mlango mwingine, kama “aina” ya watu. Mwanamke mwenye mtungi, mwanamume mwenye mkuki, na chini yake jina la kabila bila jina la mtu. Walther Dobbertin, aliyekuwa na studio Dar es Salaam kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, aliacha mkusanyiko mkubwa ambao leo uko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Desemba 2008 hifadhi hiyo ilifungulia umma takribani picha 100,000 kupitia Wikimedia Commons, na za Dobbertin zimo. Imeambatanisha tahadhari kwamba maelezo ya awali yameachwa kama yalivyokuwa, na huenda yakawa na makosa au upendeleo. Ni uungwana kulikiri hilo. Hata hivyo tahadhari haimrudishii jina mtu aliyesimama mbele ya lenzi.

Sasa tumweke kando yao John Kirk. Alikuwa daktari na mtaalamu wa mimea, akafuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858, kisha kuanzia mwaka 1866 akakaa Unguja takribani miaka ishirini katika utumishi wa Uingereza. Kupiga picha hakukuwa kazi yake. Alipiga miti, mimea, nyumba na vyombo vya baharini, kwa jicho la mtu anayetaka kujua kitu kilivyo. Ndivyo zilivyo pia albamu za familia na watumishi wa serikali zilizomo katika Mkusanyiko wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ambao una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kati ya mwaka 1860 na 1960. Mwenye albamu yake mwenyewe hana sababu ya kutenganisha bandari na kilima. Anabandika mitaa ya mji, kisha kivuko cha mto, kisha kibanda kando ya njia, kwa kuwa siku zake zilipita hivyo. Mji na shamba vinakaa tena kwenye kitabu kimoja, kama vilivyokaa katika uchumi wa kweli wa pwani hii, ambapo pembe iliyopigwa picha bandarini ilikuwa imebebwa na watu waliokula mtama na mihogo ya vijiji ambavyo hakuna aliyevipiga.

Msomaji makini atapinga hapa, na ana haki. Kirk hakuwa mtazamaji asiye na upande. Ndiye aliyemshinikiza Sultani Barghash hadi mkataba wa mwaka 1873 wa kufunga soko la watumwa, na alitumikia dola iliyokuwa na hesabu zake. Ofisa wa wilaya mwenye Brownie alikuwa mtawala hata siku ya mapumziko. Wamisionari nao, ambao kamera zao ndizo zilizofika vijijini zaidi kuliko nyingine, walikuwa na wafadhili: gazeti la Les Missions Catholiques, lililoanza kutoka Lyon mwaka 1868, lilijaa michoro na baadaye picha zilizokusudiwa kuwagusa wachangiaji wa Ulaya. Nakubali yote hayo, na yananilazimisha niinyooshe hoja yangu. Kinachotofautisha picha si kama mpigaji alilipwa au hakulipwa. Ni kama kulikuwa na mtu mwingine aliyeamua mapema kipi kionekane. Padri aliyepiga kwa ajili ya gazeti alikuwa na mwagizaji. Padri huyohuyo, akipiga mafundi wakiezeka paa kwa sababu tu alipendezwa na ufundi wao, hakuwa naye. Picha isiyoagizwa huchukua vingi asivyovitaka mtu yeyote: uzio, jiko la mafiga, namna kuni zilivyopangwa, mtoto aliyepita nyuma. Mwanahistoria wa Ukwere atapata riziki yake humo, nyuma ya kile kilichokusudiwa.

Baadaye kamera ilipofika mikononi mwa watu wa hapa, mambo yalibadilika kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia. Studio za mjini ziliwapa watu heshima ambayo kadi za posta ziliwanyima. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, N. V. Parekh akajulikana Mombasa, na kila mji wa pwani ukapata fundi wake. Mteja sasa ndiye aliyepigwa: alichagua nguo, alisimama alivyotaka, akapeleka picha nyumbani na jina likaandikwa nyuma. Hayo ni mafanikio makubwa, na sitaki kuyapunguza hata kidogo. Lakini mtu wa shamba aliyekuja mjini kupiga picha alipigwa kama mtu wa mjini, saa mkononi, redio mezani, na nyuma yake pazia lililochorwa bustani au bahari. Mpiga picha wa kutembea, aliyefika vijijini siku za sikukuu, harusi na kipaimara, alifuata desturi hiyohiyo: watu walivaa nguo za siku hiyo na kusimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Siku ya kawaida haikuwa na mteja. Tunayo sura ya bibi, hatuna shamba lake.

Hasara ya jambo hili inaonekana zaidi tunapofika miaka ya Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa mwaka 1976 kuishi vijijini kuwe kumetimia nchi nzima, na mamilioni ya watu wakahamishwa. Kamera za serikali zilikuwepo, zikawapiga viongozi wakishika jembe na nyumba zikiwa zimepangwa mstari. Makazi yaliyotawanyika ya awali, miembe iliyoachwa, makaburi yaliyobaki peke yake, hayakuwa habari kwa mhariri yeyote. Mtu mmoja wa kila kata, mwenye kamera na mapenzi, angetuachia ushahidi ambao leo tungeulinganisha na maneno ya wazee. Na hapa nimjibu anayesema kwamba kumbukumbu ya wazee inatosha. Simulizi hueleza kwa nini watu walihama na walivyoumia. Picha huonyesha nyumba ilisimama wapi na mlango ulielekea wapi. Mzee anayetazama picha hukumbuka mambo ambayo swali tupu halikuyagusa, na picha isiyo na mzee wa kuieleza hubaki bubu.

Lugoba ya sasa iko kwenye barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, inayobeba mabasi ya Tanga, Moshi na Arusha. Vilima vyake vinapasuliwa kuwa kokoto, na kokoto za Lugoba zinajenga Dar es Salaam. Ghorofa ya Kariakoo na kilima kilicholiwa ni habari moja yenye ncha mbili. Nani atazipiga zote mbili? Mpiga picha wa kampuni atapiga mitambo. Wa gazeti atakuja siku ya ziara ya waziri. Wa mradi wa misaada atatafuta mtoto kisimani. Wote wana kazi zao halali, lakini hakuna mmoja wao anayerudi kwenye kilima kilekile kila baada ya masika. Kurudi huko ndiko kunakotengeneza historia, na anayeweza kurudi bila kutumwa ni mkazi mwenye simu na moyo wa kazi hiyo.

Atasema mtu kwamba picha za simu zimekuwa nyingi mno hadi hazina thamani. Wingi hauna tatizo. Tatizo ni picha isiyosema imepigwa wapi, lini na ni ya nani. Kadi za posta za enzi ya Wajerumani zina kasoro hiyohiyo ya kutotaja watu, nasi tunairudia kwa mamilioni. Mwingine ataona kwamba kumpiga mwanakijiji na kumtaja ni kuanika umaskini wake. Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatukumbusha kwamba sura na jina ni mali ya mwenyewe. Basi anayepigwa aulizwe kwanza, aonyeshwe, na akikataa aachwe. Apewe nakala akikubali. Akikubali kupigwa lakini hataki kutajwa, mahali na tarehe vitatosha.

Simu huvunjika, huibiwa, hufutika. Picha iliyochapishwa kwenye karatasi imeonyesha kwamba inaweza kudumu zaidi ya miaka mia moja hata katika unyevu wa pwani. Kwa hiyo ombi langu kwa wapiga picha wa ridhaa wa Lugoba, Msoga, Mandera na Bagamoyo mjini ni dogo: kila mwaka chapisheni chache mnazozithamini, za mjini na za shamba, mwandike nyuma kwa penseli mahali, tarehe na jina lililoruhusiwa, kisha mpeleke nakala kwenye maktaba ya shule, ofisi ya kijiji, makumbusho ya misheni ya Bagamoyo au Nyaraka za Taifa. Anzeni na vilima vya kokoto, kwa sababu hivyo vinapungua kila siku.